Mafuta ya ndege yasiyo na risasi: pima silanti na rangi ya tenki lako kabla hujamimina hata lita moja

Fundi yeyote wa bodaboda hapa Mwanza, pale Igoma au Mlango Mmoja, anakijua hiki kitu. Ukifungua kabureta, ile oringi (mpira wa duara) ya bakuli la chini ikishakaa kwenye petroli inavimba, ukitaka kuirudisha haiingii tena kwenye mfereji wake, unaiacha pembeni inanywea taratibu ndo inakubali kukaa. Imekunywa petroli tu, haijafa. Sasa fikiria hiyo oringi ndo silanti, ile gundi ya kuzibia viungo vya tenki, ya miaka 30 iliyopakwa ndani ya bawa la Cessna, na mafuta iliyoyazoea maisha yake yote unayaondoa unaiwekea mengine yenye kemikali tofauti. Hapo kwenye kuvimba na kunywea ndo kuna mada yote ya leo.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Mwanza, nimetumia miaka mingi mkono mmoja ukiwa ndani ya bawa na tochi mdomoni. Naandika kwa ajili ya wenye ndege za pistoni, mafundi wenzangu na vijana wanaojifunza kazi. Zile ATR na Caravan mnazoziona zikitua pale uwanjani zinatumia Jet A-1, hizo hazihusiki. Zinazohusika ni Cessna 172, 182, 206, 210, Piper, Mooney, Cirrus na ndugu zao wanaokunywa avgesi, yaani petroli ya ndege.

Kwanini sasa hivi? Avgesi yetu ya bluu, 100LL, ina risasi, ile metali yenye sumu, mpaka gramu 0.56 kwa lita. Magari kusini mwa Sahara yaliachana na risasi mwanzoni mwa 2006, sisi wa ndege ndogo bado tunainawa mikononi kila siku, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto, kwahiyo ile ovaroli unayorudi nayo nyumbani Nyakato ukabeba mwanao nayo ni shida ya kweli kabisa. Huko duniani mlango unafungwa. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 1 Mei 2025 kuwa mwisho wa kutumia ile kemikali ya risasi bila kibali maalum, Marekani wamejiwekea lengo la kuiondoa mwisho wa 2030. Sisi wa kandokando ya ziwa tuko mwisho kabisa wa bomba, avgesi inatufikia kwa mapipa juu ya lori, siku ikibadilika huko juu tutapokea kinachokuja. Bora tujue kupima mapema.

Kinachobadilika ndani ya mafuta

Risasi ilikuwa inapandisha oktani, yaani uwezo wa mafuta kutolipuka ovyo ndani ya injini, kwa kiasi kidogo sana cha kemikali. Ukiitoa lazima ujaze pengo, na pengo hilo watu wanalijaza kwa njia tatu: aromatiki kama zailini na toluini, amini, au etha kama ETBE. Sasa zailini unaijua, iko kwenye thina ya fundi rangi. Hapo tu ushaelewa kwanini mtu wa silanti na mtu wa rangi wanakaa mkao wa tahadhari.

G100UL ya kampuni ya GAMI ya Oklahoma ina zailini na amini, rangi yake ni ya kahawia ya asali, na ni nzito kidogo kuliko 100LL, lita moja inakaribia gramu 755 wakati ya 100LL iko kama 720. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliipa kibali cha STC (kibali cha nyongeza cha kufanya badiliko kwenye ndege) Septemba 2022 kwa injini zote za pistoni zinazowashwa kwa plagi. Lakini 2024 Cirrus wakatoa tangazo kwamba hawaiidhinishi kwenye ndege zao, wakitaja wasiwasi wa silanti za tenki. Baada ya hapo wamiliki kadhaa kule California wakalalamika rangi kubabuka na matenki kuvuja, GAMI nao wakajibu kwamba ndege hizo zilikuwa na udhaifu wake toka zamani. Mimi sichukui upande hapa, na ukweli ni kwamba majibu yote mawili yanakupeleka sehemu moja: hali ya tenki LAKO ndo inaamua. Mafuta mengine yasiyo na risasi, Swift 100R, yanatumia ETBE, na hayo na G100UL hazijaidhinishwa kuchanganywa kwenye tenki moja, hili likariri.

Kuna kundi lingine la oktani ndogo, UL91 na UL94, hayo yana aromatiki kidogo. Watu wanadhani hayo ndo salama kabisa kwa silanti. Kwa kuvimba ndiyo, ila kuna upande wa pili ambao wengi hawaufikirii: oringi iliyovimba miaka 20 kwenye mafuta yenye aromatiki, ukiihamishia kwenye mafuta yasiyo nazo inanywea, na ikinywea inaacha mwanya. Tenki lililokuwa kavu linaanza kulia. Kwahiyo kipimo chako kiangalie pande zote mbili, kuvimba na kunywea. Na hata mambo mengine hujitokeza usipoyategemea, chuo cha University of North Dakota walihamia UL94 katikati ya 2023 wakasimama Oktoba mwaka huohuo baada ya kuona viti vya valvu vinaliwa, tenki halikuwa na kesi yoyote pale.

Karatasi kwanza

Hili nalipitia haraka lakini halina mjadala. Mafuta yasiyo kwenye kitabu cha ndege yako au kwenye STC iliyokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, hayamiminwi. Kipimo cha chupa nitakachokuelekeza ni cha kukufundisha wewe hali ya tenki lako, hakikupi ruhusa ya kurusha ndege. Soma pia namba ya kiwango kwenye karatasi ya mzigo, kwa viwango vya shirika la ASTM, 100LL ni D910, UL91 na UL94 ni D7547. Pipa likija halina karatasi, halifunguliwi.

Na petroli ya kituo cha mafuta? Kuna ndege zenye STC ya petroli ya gari, ndiyo, ila isiwe na ethanoli. Kupima ni rahisi: chukua silinda ya kioo ya mililita 100, weka maji 10 na petroli 90, tikisa, iache itulie. Tabaka la maji likizidi 10 ujue kuna alkoholi imehamia kwenye maji, na hiyo kaa nayo mbali na tenki la ndege.

Lijue tenki lako

Fungua logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege, mpaka ukurasa wa kwanza. Unatafuta vitu vinne: tenki ni la aina gani, liliwahi kufungwa upya lini, kwa silanti gani, na je liliwahi kumwagiwa ile dawa ya zamani ya kusukasuka ndani ili kuziba matundu.

Matenki yapo ya aina tatu. La kwanza ni bawa lenyewe kuwa tenki, ndo kwenye 206 na 182 za kuanzia 1979, kwenye 210 nyingi na kwenye Mooney, hapo silanti ndo kila kitu, kila ribiti na kila kiungo kimezibwa kwa mkono wa mtu. La pili ni bladda, mfuko wa mpira ndani ya bawa, 206 na 182 za zamani zaidi ziko hivo. Silanti hapo siyo mhusika mkubwa, mhusika ni mpira wenyewe, vibano na gasketi. La tatu ni tenki la alumini la kuchomoa kama la Piper PA-28, ambalo nalo viungo vyake vimepakwa silanti. Cirrus ni kompoziti, siyo bati la alumini, na kwa sababu mtengenezaji mwenyewe kashasema neno, usijaribu kitu.

Ukikuta rekodi ya ile dawa ya kusukasuka, simama hapo. Ikishazeeka inabanduka vipandevipande kama magamba ya sangara na kwenda kuziba chujio, na kimiminika kipya chenye nguvu ya kuyeyusha kinaharakisha hilo. Itoke kwanza ndo tuongee mafuta mapya.

Piga picha ya hali ya sasa

Osha chini ya mabawa yote, mbu wa ziwani wakiganda kule na vumbi huwezi kuona doa lolote. Jaza mafuta ya kawaida, acha ndege usiku mzima, asubuhi ingia chini na tochi kabla jua halijawa kali. Kila doa la bluu lizungushie penseli ya nta, andika tarehe, piga picha na rula pembeni. Halafu futa doa likauke, subiri dakika 30, pima upana wa unyevu uliorudi. Mpaka robo tatu ya inchi ni doa tu. Kuanzia hapo mpaka inchi moja na nusu ni kutoka jasho. Mpaka inchi 4 ni jasho zito. Ikidondoka au kutiririka, hiyo ndege haiendi popote. Na sehemu iliyofungwa isiyo na hewa, mfano karibu na mzizi wa bawa, hata jasho dogo halivumiliki kwasababu mvuke unajikusanya.

Angalia pia malengelenge ya rangi kuzunguka ribiti. Rangi ikivimba pale, mara nyingi mafuta yanapita chini yake kutoka ndani, siyo kosa la rangi.

Bila hii hatua utakuja kuyalaumu mafuta mapya kwa uvujaji uliokuwepo toka enzi, au kinyume chake. Ugomvi kama ule wa California haumaliziki kirahisi bila picha za kabla.

Kipimo cha chupa, hapa tulia unisome vizuri

Hii ndo roho ya mwongozo. Utahitaji chupa za kioo za jemu zenye mfuniko wa chuma, zigawe mbili: nusu 100LL, nusu mafuta mapya. Chupa za 100LL ndo mizani yako ya haki, bila hizo namba zote hazina maana, maana hata 100LL inavimbisha vitu kiasi. Chini ya mfuniko weka karatasi ya foili. Chupa za plastiki za maji hapana. Lebo andika kwa penseli juu ya maskingi tepu, maka peni inafutika ikiguswa na petroli na utabaki na chupa nane hujui ipi ni ipi.

Sampuli ya mafuta yenyewe ije kwa njia halali ya mizigo hatari, avgesi ni UN 1203 kama petroli nyingine. Kuibeba kwenye begi ndani ya basi la Dar ni kuweka watu 60 juu ya bomu, tafadhali sana.

Vipande vya kutumbukiza: silanti mpya ya aina ileile iliyoandikwa kwenye logibuku, ipake unene wa milimita 3 hivi juu ya kijibati cha alumini ya ndege, iache ikauke siku 14. Oringi mpya na oringi ya zamani iliyotoka kwenye ndege yako. Kipande cha gasketi ya geji ya mafuta, hasa ikiwa ya koki, ile ya gome la mti. Kipande cha hozi. Na muhimu kuliko vyote, silanti ya ZAMANI. Siku ndege ikifunguliwa mfuniko wa ukaguzi kwa kazi nyingine, fundi mwenye leseni akikwangua sehemu ya kutengenezwa, omba hicho kipande usikitupe. Silanti mpya iliyopakwa vizuri ina nguvu, inaweza kukupa majibu mazuri ukatulia, kumbe ndani ya bawa kuna ya mwaka 1981 iliyokakamaa. Pima kile kilichopo kwenye ndege.

Sasa vipimo. Mizani unayohitaji ni ile ndogo ya sehemu mia ya gramu, Mwanza tumebarikiwa hapo, ni mji wa dhahabu, mizani kama hizo zinauzwa na watu wanaojua kuzikagua. Pima uzito wa kila kipande kikavu. Halafu pima ujazo, njia ni hii: weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, ning'iniza kipande kwa uzi mwembamba wa nailoni ya kuvulia mpaka kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu utakazosoma ndo sentimita za ujazo za kipande. Mfano tu wa hesabu: kabla ulisoma 8.00, baada ya siku 28 unasoma 8.80, kimevimba asilimia 10. Kile cha 100LL kikiwa kimetoka 8.00 hadi 8.30, basi tofauti inayokuhusu ni kati ya karibu asilimia 4 na 10. Oringi ongezea kipenyo kwa venia, na kama una durometa ya Shore A pima ugumu.

Toa kipande, kaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pima ndani ya dakika moja maana kinapoteza mafuta haraka, rudisha. Fanya siku ya 1, 3, 7, 14 na 28. Andika kila kitu hapohapo, usikariri kichwani.

Ikifika siku ya 28 wengi wanaacha, na hapo ndo wanapokosea. Toa vipande viache vikauke hewani siku 7, pima tena, kisha virudishe kwenye mafuta siku 7 nyingine. Kwanini? Kwasababu tenki la ndege halikai limejaa siku zote. Ndege inapaki wiki mbili nusu tenki, juu ya mafuta silanti inakauka, jua la saa nane linapasha bawa, silanti iliyokuwa imevimba inanywea, inavuta pembezoni. Ufa unazaliwa kwenye kunywea zaidi ya kwenye kuvimba. Kipande kikikauka kikawa kidogo kuliko kilivyoanza, maana yake mafuta yameondoka na sehemu ya mwili wake, vilainishi vilivyokuwa ndani vimeyeyuka. Angalia pia rangi ya mafuta ndani ya chupa, yakibadilika au yakiwa na vumbi chini, kuna kitu kimetoka kwenye kipande.

Chupa zote zikae nje ya nyumba, kivulini, kwenye kabati la chuma lenye hewa, mbali na jiko, jenereta na watoto. Usipashe moto petroli kwa njia yoyote ati uharakishe kipimo. Vaa glavu na uzibadilishe mara kwa mara, glavu za naitrili nazo zinakunywa hizi aromatiki kama oringi tu.

Kusoma majibu

Namba moja kubwa ya "imefaulu" sikupi, maana mtengenezaji wa silanti ndo ana mipaka yake na ukishakuwa na namba zako unaweza kumwandikia. Ninachokupa ni kipimo cha kidole na jicho, ambacho miaka yote hakijaniangusha. Chukua kile kijibati chenye silanti, kata mstari kwa plastiki ngumu iliyochongwa, vuta silanti kwa pembe. Ikichanika yenyewe katikati, ikabaki kwenye chuma na nyingine mkononi, mshiko ni mzima hata kama imelainika. Ikibanduka safi ukaiona alumini inang'aa, hapo hakuna mshiko, na hiyo hata kama haijavimba kabisa haifai.

Hili nimelijifunza kwa uchungu. Kuna ndege ya viti sita ililetwa kwetu inavuja mabawa yote mawili miezi mitatu tu baada ya kufungwa upya kwenye karakana moja ambayo siitaji. Silanti ilikuwa mpya, nzuri, ya kampuni inayoeleweka, na ilikuwa inatoka kama utepe mzima, ukivuta hapa inafuata mpaka kule. Walichanganya mchana wa jua kali, ikaanza kuganda kabla hawajaipaka, na chuma hakikusafishwa vizuri. Mwenye ndege alikuwa anayalaumu mafuta, na mafuta yalikuwa 100LL ileile ya siku zote. Ndege ya watu ilikaa chini wiki sita. Nilisikitika sana kwasababu ilikuwa ndo inapeleka watu visiwani.

Kwahiyo ukipata kulainika kidogo, sawa na kwenye 100LL, endelea na karatasi. Ukipata kulainika kukubwa lakini mshiko mzima, ongea na mtengenezaji. Ukipata kubanduka safi kwenye kipande cha zamani, hata kwenye chupa ya 100LL, basi tenki lako linadai kufungwa upya mafuta mapya yaje yasije.

Kwa oringi, za naitrili ndo zinazovimba zaidi kwenye aromatiki, za florosilikoni na za Viton zinavumilia vizuri zaidi, ila usibadilishe aina kwa akili yako, namba ya kipuri iwe imeruhusiwa. Kwa bladda, kipande huna ruhusa ya kukata, angalia mikunjo, vibano na harufu ndani ya bawa, na bladda ikibaki tupu muda mrefu ipakwe mafuta mepesi ya injini isipasuke kwa ukavu.

Rangi

Tengeneza vibati vinne vyenye rangi kama ya ndege yako, praima kwa praima. Na hapa uwe mkweli: ndege nyingi za zamani zina viraka, sehemu epoksi na poliyurethani ya ndege, sehemu rangi ya gari ya duko iliyopulizwa haraka pembeni ya mfuniko wa mafuta baada ya mkwaruzo. Duko inayeyuka kwa thina, na zailini ni ndugu wa thina. Kama hujui kiraka ni rangi gani, pitisha pamba yenye thina sehemu ya chini isiyoonekana, ikitoka na rangi kwenye pamba umepata jibu.

Kwenye kibati cha kwanza weka tone, futa hapohapo. Cha pili tone liache likauke lenyewe. Cha tatu tone lifunike kwa kikombe kidogo cha kioo saa moja lisikauke. Cha nne kiinamishe, tiririsha kidogo kila asubuhi siku 14, kama mtu anayejaza ovyo kila siku. Fanya hivohivo na 100LL pembeni. Halafu angalia doa, mng'ao, na ugumu kwa seti ya penseli za kuchorea, kuanzia ngumu kushuka kwenda laini: tafuta penseli ngumu kuliko zote ambayo haikwaruzi, kabla na baada. Ikishuka daraja mbili au zaidi na haijarudi baada ya siku 7 za kukauka, rangi imeathirika.

Kibati cha pili kitakufundisha kitu. 100LL ikimwagika inaruka hewani inaacha alama ya bluu. Mafuta yenye amini yana sehemu nzito isiyoruka haraka, inabaki inakaa juu ya rangi kama utando, na kwenye bawa jeupe inaacha manjano. Dawa yake ni tabia tu: kitambaa chenye maji kiwe mkononi wakati wa kujaza, kilichomwagika kifutwe papo hapo kisha kioshwe kwa maji na sabuni laini. Waliojaza kwa mapipa na pampu ya mkono wanajua tone la mwisho la hozi linapoangukia. Weka mkeka wa mpira kuzunguka mdomo wa tenki.

Ikibidi kufunga tenki upya

Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni na kitabu cha ndege mezani, nitagusa yale tu ya kwetu ziwani. Silanti ya polisalfaidi iliyoandikwa B-2 maana yake ni nzito ya kupaka kwa spachula, na una saa 2 za kufanya nayo kazi kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50. Kila joto likipanda nyuzi 5 au 6 muda huo unakatika karibu nusu. Chini ya mabati ya hanga saa saba mchana hiyo B-2 ni ya nusu saa au chini yake, na unyevu wa ziwa unaiharakisha zaidi. Kwahiyo changanya kidogokidogo, asubuhi, ila umande uwe umekauka kabisa kwenye chuma. Pima kwa uzito kwenye mizani, mara nyingi ni 10 kwa 100 lakini soma kopo. Isafirishwe kwenye kasha la barafu kama samaki, tarehe ya mwisho iangaliwe kabla hujalipa.

Kabla ya chochote tenki liwe tupu, waya wa kuondoa umeme tuli ufungwe, hewa ipite masaa, simu na taa za kawaida zibaki nje, kizima moto karibu. Ndani kuna mabaki ya risasi, glavu na maski ya mvuke ni lazima, na usile mpaka unawe.

Kukagua kuvuja baada ya kukauka ni kwa hewa ya shinikizo dogo sana lililotajwa kwenye kitabu. Usitumie geji ya kompresa ya matairi, utapasua bawa. Chukua bomba angavu la plastiki likunje umbo la U lijaze maji, tofauti ya sentimita 35 kati ya pande mbili ni nusu psi. Paka povu la sabuni nje, fuatilia kila ribiti.

Kujaza mara ya kwanza

Karatasi ziko sawa, vipande vimefaulu, basi anza na bawa moja tu kama STC inaruhusu, lingine libaki na 100LL. Weka alama kwenye mdomo wa tenki na stika za STC. Kumbuka uzito, kama mafuta ni mazito kwa gramu 35 kila lita, lita 200 zinaongeza kilo 7, ziingie kwenye hesabu ya mizani ya ndege hasa ukitoka uwanja mfupi kama Rubondo.

Siku saba za kwanza rudia ule ukaguzi wa tochi kila asubuhi na picha zako za zamani mkononi. Dreni kila asubuhi kwenye kikombe cha kioo, angalia vumbi, nyuzi za mpira, rangi isiyoeleweka. Vali ya dreni ndo huanza kulia kabla ya vingine, oringi yake ni ndogo. Fungua chujio baada ya saa 10 za kuruka, halafu 25, ukikuta vipande vyeusi vya mpira au kijivu cha silanti vihifadhi kwenye chupa na tarehe, ndege ibaki chini mpaka ujue vimetoka wapi. Fanya mzunguko mmoja wa makusudi wa kuiacha nusu tenki wiki nzima juani, kisha jaza, kisha ingia chini ya bawa tena asubuhi inayofuata. Pakiwa pakavu pale kwenye miduara yako ya penseli, jaza bawa la pili.